Wembe Mmoja, Uso Mmoja: Maswali na Majibu Kuhusu Kunoa

Ukiingia kwa kinyozi yeyote wa kijiji cha Raila, Kibera, leo, kazi karibu yote inafanywa na mashine ya umeme. Wembe hutolewa mwishoni tu: kuchora laini ya paji la uso, kusafisha shingo, kumalizia kipara. Lakini stima zikipotea mashine hunyamaza, na hapo watu hukumbuka kwamba wembe hauhitaji tokeni. Bado wapo wanaume wanaojinyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wa chuma kigumu unaonolewa na kutunzwa miaka na miaka, na siku hizi wapo vinyozi vijana waliouona kwenye simu zao wakautamani.

Kazi yangu ni kunoa. Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi mara kwa mara mezani pangu kutoka Raila, kutoka vijiji vingine vya Kibera na kutoka Kawangware. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito.

Mzee, nina kibanda cha kinyozi hapa Raila na kila siku natupa nyembe. Nikinunua wembe mmoja wa kukunja nikajifunza kuunoa, si nitaokoa pesa? – Kinyozi, Raila

Pesa utaokoa, kijana wangu, lakini nakuomba usifanye hivyo. Wembe wa kunolewa ni wa mtu mmoja na uso mmoja. Kwa wateja tumia kishikio kinachobeba nusu ya wembe wa kawaida. Uvunje katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, nusu moja uiweke kwenye kishikio mteja akiona, na nusu ya pili ibaki kwenye karatasi ikimngoja mwingine. Ukimaliza, iliyotumika itie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Usiitupe kwenye mfuko wa takataka ambao mtoto au mwokota chupa ataufungua kwa mikono mitupu.

Sababu ni damu. Hata mkono mwepesi kiasi gani, wembe huchubua ngozi mahali ambapo jicho halioni. Virusi vya hepatitisi B vinaweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, ndani ya damu iliyokauka ambayo wewe unaiona kama doa la sabuni. Chanjo yake iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wachanga wa Kenya mwaka 2001, kwa hiyo mteja wako wa miaka 35 huenda hakuipata alipokuwa mdogo. Virusi vya UKIMWI ni dhaifu zaidi vikiwa nje ya mwili, lakini udhaifu huo si kibali cha kumchezea mtu kamari kwenye shingo yake.

Najua utaniuliza kuhusu kile kisanduku chenye taa ya bluu. Mwanga wake hufanya kazi pale unapoangaza tu. Upande wa chini wa wembe, kwenye msumari unaoshika mpini, na popote palipoganda sabuni na nywele, haufiki. Spiriti nayo haipenyi vizuri damu iliyokauka. Jik inaua: sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji, kwa dakika 10, baada ya kuosha kwanza kwa sabuni. Lakini Jik hiyohiyo hula chuma, na wembe wa kukunja utauona umepata kutu kwenye makali, mahali ambapo huwezi kuvumilia hata chembe moja. Kuchemsha kwa dakika 20 pia kunaua virusi, ingawa hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wetu wa karibu mita 1,700, maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Tatizo ni kwamba mpini hupasuka na maji hujificha kwenye msumari. Ukiulinda wembe, mteja yumo hatarini. Ukimlinda mteja, wembe unakufa. Kati ya hao wawili, chagua mteja.

Fundi, marehemu babu aliniachia wembe wenye mpini wa pembe. Kwenye chuma pameandikwa Sheffield. Bado unafaa, au ni wa ukumbusho tu? – Msomaji, Kawangware 46

Huenda unafaa kuliko mpya nyingi zinazouzwa leo. Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani ndiyo miji miwili iliyojijengea jina kwa nyembe za aina hiyo, na nyingi zilitengenezwa kabla ya wembe wa kutupa kutawala soko. King Gillette alipata hataza ya wembe wake Marekani mwaka 1904. Kuanzia hapo wembe wa kunolewa ukaanza kusukumwa pembeni, si kwa sababu ulinyoa vibaya, ila kwa sababu watu walichoka kunoa.

Kabla hujautia kwenye jiwe, ukague. Azima lenzi ya fundi wa saa, au piga picha kwa simu kisha uikuze. Madoa ya kutu kwenye tumbo la wembe ni ya sura tu, hayazuii kazi. Angalia ukingo wenyewe. Ukikuta vishimo vyeusi vilivyofika kwenye makali, kila utakaponoa makali yatakuwa yakivunjika palepale, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia bila kuula wembe hadi chuma kizima kionekane. Tazama kama upo ufa, hata mwembamba kama unywele. Wembe wenye ufa hautumiki usoni. Mwisho, shika mpini utikise. Kama chuma kinacheza, msumari ugongwe taratibu kwa nyundo ndogo mpaka ukaze. Mafundi wa mifupa wa Kibera, wale wanaochonga bangili na shanga kwa mifupa ya ng'ombe, wanaweza kukutengenezea mpini mpya kabisa ikiwa wa pembe umeliwa na wadudu.

Mpya za bei ya kutupa ni jambo jingine. Nyingi zina chuma laini, mgongo uliopinda na kingo zisizolingana. Unaweza kuzinoa wiki nzima zisishike makali, ukaanza kudhani mkono wako ndio mbovu.

Kuna mzee wa baiskeli anayepita mtaani akinoa visu na makasi. Nimpe wembe wangu? – Msomaji, Gatwekera

Mpe visu. Mpe makasi ya cherehani, anaijua kazi hiyo vizuri. Wembe usimpe.

Gurudumu lake ni la chembe kubwa, huzunguka kwa kasi na mara nyingi ni kavu. Makali ya wembe ni membamba mno, kwa hiyo joto halina mahali pa kukimbilia. Chuma kilichopashwa moto kiwandani kina ugumu wake kwa sababu kilipozwa kwa kipimo. Kikipashwa tena hugeuka rangi, kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu bluu. Ukiona bluu, joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu umekwenda. Makali ya namna hiyo yatakata siku moja, ya pili yamelala.

Jambo la pili ni pembe, na hili ndilo moyo wa kunoa wembe. Kisu cha jikoni hunolewa kwa kuinua mgongo wake, na kila fundi ana pembe yake mkononi, kwa kawaida jumla ya digrii 30 hadi 40 ukihesabu pande zote mbili. Wembe hauinuliwi. Aliyeutengeneza aliufanya mgongo kuwa mnene, milimita 5 na nusu hivi, na upana wa karibu milimita 20 kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Ukiulaza bapa juu ya jiwe, mgongo na makali hugusa kwa pamoja, na pembe inayopatikana ni digrii 16 hivi. Pembe hiyo imo ndani ya wembe wenyewe. Huna haja ya kuikisia wala kuipima. Unachohitaji ni kuacha kuinua. Mzee wa baiskeli, kwa mazoea mema ya kazi yake, atauinua.

Hadiwea za Gatina zina jiwe moja tu la kunolea, lile la kijivu lenye pande mbili. Linatosha? Na hatua zenyewe zinakwendaje? – Fundi seremala, Kawangware

Halitoshi, na lisiguse wembe wako hata kidogo. Hilo ni jiwe la kaborandamu, jamii ya chembe ambazo Edward Acheson alianza kuzitengeneza Marekani miaka ya 1890. Kwa panga na jembe ni zuri sana. Kwa wembe huacha mikwaruzo mirefu ambayo utatumia siku kuifuta.

Bahati nzuri, hatua ya kwanza unaweza kuifanya kwa vitu vya mtaani. Nenda kwa mafundi wanaopiga magari rangi, uulize msasa wa maji namba 2000. Chembe zake zina ukubwa wa mikroni 10 hivi, na unywele wa ndevu una unene wa mikroni mia hivi, ili upate picha. Halafu kwa fundi wa vioo omba kipande cha kioo kinene, milimita 6 au zaidi, upana wa kiganja. Kioo chembamba cha dirisha hupinda kidogo ukikibonyeza, na kupinda huko kutahamia kwenye wembe. Lowesha kioo, laza msasa, lowesha tena juu. Msasa utajishika wenyewe.

Kwa hatua zinazofuata mawe halisi yanahitajika na utalazimika kuagiza. Kama mfuko unaruhusu jiwe moja tu, chukua la pande mbili, namba 4000 na 8000. Ukipata la 12000 baadaye, utafurahi. Jiwe la kiwandani nalo halitoki sawa. Chora mistari ya penseli juu yake, lisugue kwenye msasa wa namba 400 juu ya kioo kilekile, na usiache mpaka penseli yote ifutike. Kila baada ya kunoa nyembe kadhaa rudia, kwa sababu jiwe huliwa katikati.

Bandika tepu ya umeme safu moja juu ya mgongo ili mgongo usilike. Ukianza na tepu, malizia na tepu. Ukiibandua katikati ya kazi umebadilisha pembe na lazima urudi mwanzo.

Sasa laza wembe bapa, mgongo na makali vikigusa. Usukume makali yakitangulia, kana kwamba unachuna ngozi nyembamba kutoka juu ya msasa. Wembe unaweza kuwa mrefu kuliko upana wa kioo chako, kwa hiyo usukume kwa mshazari: unaanza kisigino kikiwa juu ya msasa na unamaliza ncha ikiwa juu yake, ili kila sehemu ya makali ipate zamu. Ukifika mwisho, geuza wembe ukiuzungushia mgongoni, kamwe usiuzungushie upande wa makali, halafu urudi. Upande huu mara moja, upande ule mara moja. Mafundi wa visu hunoa upande mmoja mpaka uzi mwembamba wa chuma ujikunje upande wa pili. Kwa wembe uzi huo ni hasara, na kubadilisha pande kila mara huuzuia usikue.

Uzito uwe wa wembe na vidole viwili basi. Mwenye misuli ya useremala ataona hili gumu. Ukibonyeza, tumbo jembamba la wembe hupinda, makali hujiinua au huchimba, na unakuwa unanoa umbo ambalo halitakuwepo ukiachilia.

Hatua hii ya kwanza ndiyo kazi yenyewe. Unanoa mpaka mteremko wa upande wa kulia na ule wa kushoto ukutane kwenye mstari mmoja, kutoka kisigino hadi ncha, bila pengo. Wembe uliochoka sana unaweza kukula saa nzima hapa. Karibu kila wembe unaoletwa kwangu ukiwa “umenolewa lakini haunyoi” una kasoro hii moja: mwenyewe alichoka akahamia jiwe laini mapema. Namba 12000 haiwezi kukutanisha miteremko ambayo namba 2000 haikuikutanisha. Itang'arisha mabega ya makali butu, yatapendeza kama kioo, na ndevu zitavutwa vilevile.

Miteremko ikishakutana, yaliyobaki ni kufuta. Jiwe la 4000 linafuta mikwaruzo ya msasa, la 8000 linafuta ya 4000, la 12000 linafuta ya 8000. Kila unapopanda, punguza uzito na ongeza maji. Kwenye jiwe la mwisho mimi hutia tone la sabuni ya maji ili wembe uteleze. Dakika chache kwa kila jiwe zinatosha. Ukiwa na uchu wa kufika mwisho, uutumie kwenye msasa kule mwanzo.

Nitajuaje makali yamekolea? Wengine hukata karatasi. – Msomaji, Lindi

Karatasi ina udongo ndani yake na huua makali. Washa tochi ya simu, simama chini ya mwanga wake, elekeza makali juu ukiyatazama moja kwa moja. Makali yaliyokutana hayarudishi mwanga. Unaona mstari mweusi. Ukiona nukta inayong'aa, hapo pana butu na hapo pana kazi. Baada ya msasa wa 2000, kila sehemu ya wembe inapaswa kunyoa nywele za mkono ikigusa ngozi. Baada ya jiwe la 8000, inapaswa kuzikata kabla haijagusa ngozi. Usijaribu kwenye ukucha baada ya mawe laini, utaharibu ulichokijenga. Shahidi wa mwisho ni shavu lako lenye sabuni. Wembe ukivuta, rudi kwenye 8000, si kwenye msasa.

Fundi, mkanda wa ngozi ni wa lazima? Nimeona mishipi mizuri ya mitumba soko la Toi. – Msomaji, Makina

Ni wa lazima kila siku unaponyoa, na mshipi wa Toi unaweza kukufaa ukiuchagua kwa makini. Tazama ukingo wake uliokatwa. Ngozi halisi ina nyuzi zilizosongamana kutoka juu hadi chini. Ukiona safu ya plastiki juu na kitu kama kadibodi katikati, uache, hata kama muuzaji anaapa. Uwe mpana kadiri unavyopata, usiwe na mishono wala nakshi upande utakaotumia. Wasiopata Toi waende soko la Kariokor kwa mafundi wa viatu vya ngozi wakaombe ukanda wa upana wa vidole vinne, watakukatia.

Makali ya wembe, hata baada ya kunyoa mara moja, hulala na kupinda kidogo kidogo. Ngozi huyanyoosha na kuyasafisha. Funga mshipi kwenye kitasa cha mlango au msumari imara, uvute ukaze. Laza wembe bapa, na safari hii mgongo ndio unaotangulia, makali yakifuata nyuma. Kwenye jiwe makali hutangulia. Kwenye ngozi hufuata. Ukisahau hilo mara moja utaikata ngozi na kuukunja wembe. Mwishoni mwa kila mvuto geuza kwa mgongo. Anza na kitambaa kigumu, kipande cha jinzi kuukuu kilichofuliwa kinafaa, mara 20 hivi kwenda na kurudi, halafu ngozi mara 40 au 50. Usifukuzane na kasi ya vinyozi wa sinema. Mshipi ukilegea na kupinda, makali yanaviringwa, na hapo utarudi kwenye mawe kabla ya wakati.

Fundi, kijana wangu ana miaka 19. Kila akinyoa anatoka vipele shingoni, vingine vina usaha. Kinyozi anasema tatizo ni wembe butu. Nimnunulie mkali zaidi? – Mama, Kianda

Asante mama kwa kuuliza, maana hili linawasumbua vijana wengi na wanaaibika kulisema. Kinyozi amesema nusu. Wembe butu huvuta unywele kabla ya kuukata na kuparuza ngozi, kwa hiyo makali mazuri yatamsaidia. Lakini nywele zetu zimejikunja tangu kwenye shina. Unywele ukikatwa karibu sana, ncha yake inayochoma hurudi chini ya ngozi. Ukianza kukua, badala ya kutoka nje unatoboa pembeni. Mwingine hutoka vizuri, halafu hujikunja na kuingia tena kwenye ngozi kama mwiba. Mwili unauona kama kitu kigeni na kuupiga vita, ndiyo sababu ya kipele na usaha. Kwa kijana kama huyo, wembe mkali kupita kiasi ulioshikwa vibaya unaweza kuzidisha.

Kwa sasa aache wembe kabisa, wiki nne hivi, mpaka vipele vitulie. Akitaka kuonekana nadhifu, atumie mashine inayobakiza nywele za milimita moja. Asivitumbue kwa sindano wala kucha.

Akirudi kwenye wembe, afuate uelekeo wa nywele. Apitishe vidole shingoni akiwa na ndevu za siku mbili: upande unaoteleza ndio uelekeo, unaokwaruza ndio kinyume. Shingoni nywele mara nyingi hulala kwa mshazari au huelekea juu, na upande wa kulia usilingane na wa kushoto, kwa hiyo asidhani ni kushuka tu. Aloweshe ndevu kwa kitambaa cha maji ya moto kwa dakika tano. Maji ya kikombe kimoja kutoka kwenye mtungi yanatosha, asiseme maji ni ghali. Kisha povu jingi, wembe uliolazwa kama digrii 30 kutoka kwenye ngozi, mivuto mifupi, mara moja tu kila mahali. Asivute ngozi ikakaza, kwa sababu ngozi iliyovutwa ikirudi inameza ncha za nywele. Wembe wa plastiki wenye visu vitatu au vitano ni mbaya zaidi kwake, kwa kuwa kisu cha mbele huvuta unywele na cha nyuma huukata ukiwa umetolewa nje; ukirudi unazama.

Atabaki na kivuli cha ndevu. Avumilie kivuli hicho. Kunyoa mpaka shavu liwe kama la mtoto si kwa kila ngozi, na najitahidi kuwaambia wateja wangu hivyo kabla hawajalipa.

Kama vipele viko kisogoni na vinaanza kuwa vigumu na kuungana, hilo ni jingine. Wembe usiguse kisogo, mashine isibonyezwe pale, na aende kliniki ya ngozi mapema kabla makovu hayajakua. Zile krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa vijiko asipake. Nyingi zina dawa kali zinazopunguza uvimbe leo na kuiharibu ngozi baadaye.

Baada ya kunyoa napaka spiriti. Inaunguza sana, lakini si ndiyo inaua vijidudu? – Msomaji, Congo, Kawangware

Inaua vijidudu na inakausha ngozi iliyochubuliwa, ambayo itawasha na kupasuka. Osha kwa maji baridi. Kipande cha shabu kilicholowa, kikipitishwa taratibu, husimamisha damu ya mikwaruzo midogo. Suuza baada ya dakika moja, halafu paka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Shabu pia iwe yako peke yako. Nimeona kipande kimoja kikizungushwa kwa wateja wote wa siku, na hapo tumerudi kwenye swali la kwanza.

Ndugu, kwetu baada ya mazishi familia hunyolewa nywele. Mwenye kazi hiyo hutumia wembe mmoja kwa wote. Tufanyeje bila kuwavunjia wazee heshima? – Msomaji, Raila

Pole kwa msiba. Waluo wana liedo, na jamii nyingine zinazoishi nasi hapa zina kunyoa kwao baada ya msiba. Makina, miongoni mwa Wanubi na Waislamu wengine, mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba baada ya kuzaliwa. Haya ni mambo ya heshima na mimi siyagusi.

Wembe ndio ninaougusa. Ongea na mzee anayeshika wembe kabla ya siku yenyewe, faraghani, si mbele ya watu. Mnunulie pakiti ya nyembe na kishikio, umwambie familia imemletea vifaa vya kazi yake. Watu wa namna hiyo huwa na busara; ukimpa vifaa atavitumia. Kila kichwa kipate wembe mpya, mkono uleule, maneno yaleyale. Kwa mtoto mchanga, kichwa kiloweshwe kwa maji ya uvuguvugu, na utosini wembe upite bila kubonyeza hata kidogo, kwa kuwa pale mfupa haujafunga.

Kama mtu ameshakatwa na wembe uliotoka kwenye kichwa cha mwingine, asingoje. Aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha afike kituo cha afya haraka. Dawa za kuzuia UKIMWI baada ya hatari huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Aulize pia kuhusu hepatitisi B.

Nimeshanoa, nanyoa vizuri. Nitarudi kwenye mawe lini, na niuweke wapi wembe msimu wa mvua? – Msomaji, Kawangware

Msasa wa 2000 hutaurudia tena, isipokuwa wembe umeanguka na kumeguka. Ukiutunza kwa ngozi kila unaponyoa, utaona baada ya mwezi mmoja au miwili kwamba umeanza kuvuta chini ya kidevu, mahali ambapo ndevu ni ngumu zaidi. Hapo jiwe la 12000, mivuto 20 au 30 bila kubonyeza, litaurudisha. La 8000 huenda ukalihitaji mara moja kwa mwaka. Ukijikuta unanoa kila wiki, chunguza mshipi wako kabla ya kulaumu wembe.

Kuhusu mvua: nyumba ya mabati hutoa jasho usiku, matone hushuka kutoka juu, na wembe ulioachwa dirishani kuanzia Machi hadi Mei hupata kutu hata bila kutumika. Ukimaliza kunyoa, suuza chuma tu bila kulowesha mpini, futa kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kisha upitishe mara chache kwenye kitambaa cha jinzi ukauke kabisa. Acha ukiwa wazi kwa saa moja kabla ya kuukunja, kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani ya mpini ndiyo yanayoanza kutoboa. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani, lipakwe kwa kidole kutoka mgongoni, na tone jingine kwenye msumari. Uweke kwenye mkebe mkavu mbali na jiko na mbali na ndoo, juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.